Mdogo Wangu, Pima Mwanga Kabla ya Kununua Chipu

Wadogo zangu, vuteni mkeka mkae vizuri, maana leo mazungumzo ni marefu na mengine yatawachoma kidogo.

Barua nyingi za safari hii zina kilio kimoja. Umetengeneza kihisi cha joto na unyevu cha kuweka kwenye ghala la mahindi. Mezani kilifanya kazi vizuri, ukawaita hadi majirani waje waone namba zikibadilika kwenye simu. Ukakipeleka ghalani, ukakifungia paneli ya sola isiyozidi kiganja, ukarudi nyumbani unatabasamu. Siku ya tatu, kimya. Ukaenda ukakitoa nje kikafufuka, ukakirudisha ndani kikafa tena. Sasa unaniuliza: dada, ninunue chipu gani ya redio isiyokula umeme?

Kwanza futa hayo machozi. Hujarogwa, wala si kwamba huna kipaji. Kosa hili wanalifanya hata wahandisi wenye vyeti ukutani, na wao hawaandiki barua kwa dada, wanalaumu mtandao. Ila nikikutajia jina la chipu sasa hivi nitakuwa nimekudanganya, kwa sababu swali umelianzia mkiani. Umeuliza utumie nini kabla hujajua unaingiza kiasi gani.

Mwenye betri ni kama mtu wa mshahara: hela ipo, ataila taratibu hadi mwisho wa mwezi. Wewe uliyeamua kuvuna nishati kutoka kwenye mwanga umechagua maisha ya kibarua wa kutwa. Unakula ulichopata leo, na siku ikiwa mbaya unalala na kile ulichobakiza jana. Kibarua mwenye akili hapangi chumba kabla ya kujua kwa siku anaingiza ngapi. Basi na wewe, mwanga kwanza, hesabu baadaye, chipu mwisho kabisa.

Najua mnaona dada anakuza mambo, ni kidude tu cha kupima unyevu. Hebu nisikilizeni. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafariki. Walikula mahindi waliyolima wenyewe, yaliyohifadhiwa na unyevu. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinasema mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sababu ndiyo hiyo. Sasa wewe umewaambia akina mama wa ushirika kwamba kuna kidude kitawapa taarifa ghala likianza kuvuta unyevu. Wameacha kutia mkono ndani ya gunia, wameacha kunusa, wanakuamini. Kidude kikifa kimyakimya, kimewaacha pabaya kuliko kama kisingekuwapo. Kwa hiyo ninapokuwa mkali, naona gunia la mtu nyuma ya hiyo chipu yako.

Haya, tuingie ghalani. Macho yetu ni waongo wakubwa kwenye habari ya mwanga. Ukiingia chumba chenye kivuli, baada ya dakika chache unaona kila kitu na unasema, mbona kuna mwanga wa kutosha. Jua la saa sita mchana linashusha takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Hizo ni miliwati 100 kwa sentimita moja ya mraba, na paneli ya kawaida ikichukua asilimia 15 tu, mkononi una miliwati 15. Sasa funga mlango wa ghala, bakiza kidirisha kimoja chenye wavu. Pale juu ya magunia unaweza kukuta luksi 100 hivi, na sentimita hiyohiyo ya mraba, hata ikiwa ya seli nzuri ya mwanga hafifu, itakupa mikrowati chache, tuseme 3. Umetoka mikrowati 15,000 hadi 3, na jicho lako halikukuambia kitu.

Tena hata seli zenyewe zinatofautiana tabia. Zile za bluu iliyoiva au nyeusi unazoziona juu ya mabati ya watu zinapenda jua kali, na kwenye mwanga hafifu nyingi zinalegea kabisa. Za ndani ya nyumba ni zile za hudhurungi zinazokaa juu ya kikokotoo, ziitwazo amofasi. Ukiwa na kikokotoo cha zamani nyumbani kitazame vizuri, utaiona imekaa pale juu ya vitufe. Nimeona kijana amenunua paneli nyeusi kwa bei nzuri, yenye karatasi inayosema wati moja, akaamini ataipata hiyo wati moja chini ya kivuli cha magunia. Ile wati imepimwa kwenye jua, mwanangu, na jua liko nje.

Na kabla hatujaenda mbali: kama ghala ni la kwenu na mwenye ukuta ameridhia, toboa kitundu, pitisha waya, weka paneli nje. Nusu ya shida zako zinaishia hapo. Wengine mmeniambia ghala ni la kupanga, au paneli ya nje haitamaliza wiki bila kuibiwa. Sawa, ndiyo maisha. Ila msije mkaikwepa njia rahisi kwa sababu tu inaonekana ya kishamba.

Tuseme sasa umebaki ndani. Una seli za sentimita 20 za mraba, mikrowati 3 kila moja, mwanga wa saa 10. Zidisha: mikrowati 60 kwa sekunde 36,000 ni juli 2 na kidogo. Njiani, wakati wa kupandisha volti na kuhifadhi, theluthi hivi inapotea. Unabaki na juli 1.4 kwa kutwa nzima. Iandike hiyo namba kwenye karatasi, ibandike ukutani mbele ya meza yako. Hicho ndicho kipato chako, na kila ununuzi uutazame kwa jicho hilo.

Sasa usingizi. Hapa nawaomba msinikatishe, maana hapa ndipo wengi mnapoangukia. Kihisi cha namna hii kinalala karibu muda wote. Kinaamka, kinapima, kinatuma, kinalala tena. Nyinyi mnakodolea macho umeme wa kutuma kwa sababu ndio namba kubwa, mnasahau kwamba kulala kunaendelea usiku kucha. Chipu inayolala kwa mikroampea 2 kwenye volti 3 inakula kama juli 0.5 kwa siku. Inayolala kwa mikroampea 10 inakula juli 2.6, yaani imeshakumaliza kabla hata haijafungua mdomo. Kapasita ya kuhifadhia nayo inavuja. Ikivuja mikroampea 2, umepoteza nusu juli nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga hawakukosea, ila walidhani kibaba hakijatoboka.

Halafu kuna hili la bodi, ambalo linaniuma zaidi kuliko yote. Unafungua datashiti ya chipu ya ESP32, unasoma kwamba usingizi mzito ni mikroampea 10 hivi, unaenda madukani Kariakoo au Luthuli, unanunua bodi ya majaribio ya ESP32 na unaamini umenunua mikroampea 10. Igeuze hiyo bodi uitazame kwa utulivu. Kuna kitaa chekundu kinachowaka muda wote. Kuna chipu ndogo ya kuongea na kompyuta kupitia waya wa USB. Na kuna kidude cheusi chenye miguu mitatu na mgongo wa chuma, kimeandikwa AMS1117. Hicho ni regyuleta, kazi yake kushusha volti 5 ziwe 3.3, na chenyewe tu, chipu ikiwa imelala fofofo, kinakula karibu miliampea 5. Kwenye volti 5 hiyo ni miliwati 25. Kwa siku nzima ni juli 2,160. Wewe unavuna 1.4. Sikutanii, rudia hesabu mwenyewe kwa kalamu.

Kwa hiyo mtu anayekuambia chipu fulani inakula kidogo, muulize: chipu, au bodi? Moduli tupu isiyo na taa wala regyuleta ya kizamani mara nyingi ni bei rahisi kuliko bodi, ila inataka mkono uliotulia kwenye kulehemu. Kama mkono bado unatetemeka, mwombe fundi wa simu akulehemu, wale wamezoea vitu vidogo kuliko hivyo. Na jihadharini na nakala. Moduli za redio za nRF24L01+ za bei ya kutupa, nyingine si za kiwanda chenyewe, na nakala haina wajibu wa kulala kama datashiti inavyosema.

Tukiondoa usingizi na uvujaji kwenye ile juli 1.4, tumebaki na kama juli 0.4 za kuongelea. Yaani milijuli 400. Hapo sasa ndipo swali lako la chipu linapata maana, na naomba uone linavyojijibu.

Wi-Fi kwanza, maana mnaipenda. Kujiunga na mtandao, kupewa anwani, kutuma, kunaweza kuchukua sekunde 2 za umeme wa miliampea 100 hivi, na kuna vilele vinavyopita 200. Hizo ni zaidi ya milijuli 600 kwa ujumbe mmoja. Huna hela ya ujumbe hata mmoja kwa siku. Imekwisha hiyo, tusibembelezane.

Bluetooth ya nguvu ndogo, ile ya kutangaza tu bila kuunganishwa, ni habari nyingine. Chipu kama nRF52832 ya Nordic, kampuni ya Trondheim, Norway, inalala kwa takriban mikroampea 2 ikikumbuka mambo yake na saa yake ikitembea. Ikitangaza kwa nguvu ya kawaida inakula miliampea 5.3, kwa milisekunde chache. Tangazo moja ni makumi ya mikrojuli. Hata ukijumlisha kupima na uzembe kidogo, sema milijuli 0.1. Unaweza kutangaza kila dakika, mchana na usiku, na hujafika nusu ya bajeti. Ila haifiki mbali. Lazima awepo wa kusikia karibu: simu ya mlinzi, au kipokezi kilichochomekwa kwenye umeme wa jengo la pili.

LoRa ndiyo inayowaibia mioyo, na sishangai. Mbinu yake ilizaliwa Grenoble, Ufaransa, kwenye kampuni iliyoitwa Cycleo, ikanunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Inafika kilomita nyingi pasipo na vizuizi, na kwa mashamba yetu hiyo ni neema. Chipu yao ya SX1276 inakula takriban miliampea 29 ikituma kwa nguvu ya wastani. Ujumbe mfupi kwenye SF7, yaani mwendo wa haraka, unakaa hewani milisekunde 60 hivi. Hiyo ni milijuli 6. Ongeza kusikiliza majibu na kupima, sema 10. Unapata ujumbe 40 kwa siku, na kwa ghala la mahindi, ambalo unyevu wake haubadiliki kwa dakika, ni nyingi mno.

Tatizo ni kwamba LoRa ina ngazi, kutoka SF7 hadi SF12, na kila ngazi unayopanda inakaribia kuongeza muda wa hewani maradufu. Ujumbe uleule kwenye SF12 unakaa hewani karibu sekunde moja na nusu. Milijuli 10 zako zimekuwa zaidi ya 140. Ujumbe 40 umekuwa mbili. Na hiyo ngazi huipandi wewe kwa kupenda, unapandishwa. Umekiweka kihisi ndani ya mabati, antena imebanwa kati ya gunia na ukuta, kituo cha kupokea hakikisikii. Umeacha hiari ya kihisi kujirekebishia ngazi ikiwa imewashwa, kwa hiyo kihisi kisipojibiwa kwa muda kinapanda ngazi chenyewe ili kijaribu kufika mbali zaidi. Kinapiga kelele kwa pumzi ya mwisho. Mliniandikia, "Dada, kilifanya kazi wiki nzima halafu kikaanza kufa kila usiku." Sasa mmeelewa kwa nini. Wala haikuwa chipu mbaya. Ilikuwa antena iliyofungiwa kwenye bati. Itoe antena dirishani, iache isimame wima, mbali na chuma, na utaokoa nishati kuliko chipu yoyote mpya unayoweza kuagiza. Masafa ya kutumia, walioko Tanzania ulizeni kwa TCRA, na walioko Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kabla hamjaagiza moduli. Masafa ya Marekani si lazima yawe halali kwetu.

Kuna jambo jingine ambalo hamliulizi kamwe, nalo ni volti ya chini kabisa ambayo chipu inavumilia. Mnaohifadhi kwenye superkapasita mnajua volti yake inashuka kadiri unavyoichota, haisimami palepale. Chukua kapasita ya faradi 0.1 iliyojazwa hadi volti 3.6. ESP32 inapendekezwa kufanya kazi kuanzia volti 3.0, kwa hiyo utachota kama juli 0.2 tu, iliyobaki ipo ndani lakini si yako. Chipu ya Nordic inakwenda hadi 1.7. Ukiiacha ishuke hadi 1.8 utachota karibu juli 0.5 kwenye kapasita ileile. Zaidi ya mara mbili, bila kuongeza senti. Na msisahau kihisi chenyewe! DHT22, kile cheupe chenye vitundu ambacho kila mmoja wenu anacho, kinataka volti 3.3 kwenda juu. Umenunua redio inayovumilia njaa, ukaifunga nira moja na kihisi kinachodai shibe. Kihisi cha SHT40 kinaanzia volti 1.08. Kamba hukatikia pabovu, kwa hiyo tafuta kidude kinachodai volti kubwa kuliko wenzake kwenye bodi yako, hicho ndicho kinachokupangia maisha.

Na superkapasita zenyewe, zile za mviringo kama sarafu zilizoandikwa 5.5V, zina ukinzani wa ndani unaoweza kufika ohmu 30 na zaidi. LoRa ikidai miliampea 29 kwa ghafla, karibu volti 0.9 zinapotea hapohapo ndani ya kapasita. Ukipima kwa mita unaona 2.6, unasema umeme upo, mbona chipu inajiwasha upya kila ikitaka kutuma? Kwa sababu katika zile milisekunde za kutuma, chipu imeona 1.7. Mita yako ni nzito, haioni. Bluetooth ikidai miliampea 5 inapoteza volti 0.15 tu, na mambo yanakwenda. Kwa hiyo mwenye kapasita ya sarafu ana sababu nyingine ya kupenda redio yenye kilele kidogo. Anayeng'ang'ania LoRa atafute superkapasita yenye ukinzani mdogo, na aiangalie hiyo namba kwenye datashiti kabla ya kuangalia faradi. Na asiipachike chini ya bati la paa. Joto la mchana pale juu linaongeza uvujaji na kufupisha maisha yake.

Sasa niwaambie habari ya kuamka, maana mwandishi mmoja ameniandikia kwa uchungu mpaka nikamhurumia. Kihisi chake kilikosa mwanga siku mbili za mvua kikazima. Jua liliporudi hakikuamka. Paneli inafanya kazi, kapasita inajaa kidogo, chipu inaona volti zimefika 1.8, inaamka kwa pupa, inaanza kuomba kujiunga na mtandao wa LoRaWAN, umeme unakwisha katikati, inazima. Kapasita inajaa kidogo tena, inaamka tena, inazima tena. Kutwa nzima. Mwanga ulikuwepo, lakini kila kilichoingia kililiwa kabla hakijawa akiba.

Dawa yake ipo. Weka chipu ya kusimamia uvunaji kati ya paneli na redio. BQ25570 ya Texas Instruments, kwa mfano, yenyewe inajilisha nusu mikroampea. Inahitaji volti 0.6 hivi kuanza ikiwa imelala njaa, lakini ikishaamka inaendelea kuvuna hadi volti 0.1. Kubwa zaidi, ina mguu mmoja unaosema "akiba imetosha", na wewe unachagua kwa vipingamizi iseme hivyo kwenye volti ngapi na ikane kwenye volti ngapi. Redio yako isiruhusiwe kuamka hadi mguu huo useme ndiyo. Na hiyo "ndiyo" iwe na akiba ya kazi nzima, kuanzia kuamka hadi kurudi kulala, pamoja na kujiunga. Kujiunga ni ghali: jibu la kwanza linasubiriwa sekunde 5 baada ya ombi, na chipu isiyopangwa vizuri inakaa macho muda wote huo wakati ingeweza kusinzia. Ukishajiunga mara moja, andika funguo za mtandao na hesabu za ujumbe kwenye kumbukumbu isiyofutika, ili kikizimika na kuamka kiendelee kilipoishia badala ya kuanza kujitambulisha upya. Chipu za MSP430 zenye kumbukumbu ya FRAM zinaandika kwa nishati kidogo sana, na mimi nazipenda kwa hilo.

Haya, nimewazungusha vya kutosha. Mnataka dada aseme. Ghala moja, mlinzi au mama mwenye simu anapita kila siku, au kuna umeme wa gridi hatua chache kutoka pale: nunua moduli ya Bluetooth ya nRF52, tangaza tu, usiunganishe, na usione aibu kwamba haifiki mbali. Maghala yaliyotawanyika kilomita kadhaa na kuna mtu atakayetunza kituo cha kupokea: LoRa, SF7 au 8, antena nje ya bati, ujumbe mara nne kwa siku. Na redio iwe yoyote, semeni kidogo. Wenzetu wa kampuni ya EnOcean, waliotoka Siemens ya Ujerumani mwaka 2001, wanatengeneza swichi za taa zisizo na betri kabisa. Nguvu ya kidole kikibonyeza ndiyo inayotuma ujumbe, na ujumbe wenyewe unakaa hewani chini ya milisekunde 1. Walikubali kusema kidogo. Nyinyi mnataka kihisi kitume joto, unyevu, tarehe, jina la ghala na salamu, vyote kwa maandishi marefu, halafu mnalaumu chipu. Joto na unyevu vinaenea kwenye baiti 4.

Na chochote utakachonunua, kipime usingizi wake kabla hakijatoka mezani. Kuna vifaa vizuri vya kazi hiyo, kama Power Profiler Kit II ya Nordic, lakini najua mifuko yenu. Chukua kapasita ya mikrofaradi 1,000. Ijaze hadi volti 3, iache peke yake, angalia inashuka kwa kasi gani; usiache mita imegusa muda wote, gusa mara moja kisha toa, maana mita nayo inakunywa. Sasa ijaze tena, ifunge kwenye kihisi chako kilicholala, na utumie saa ya simu. Ikishuka kutoka volti 3 hadi 2 kwa sekunde 100, unakula mikroampea 10. Ikichukua sekunde 1,000, unakula moja. Ikishuka hata kabla hujaweka simu chini, kuna kidude kiko macho, na usitoke hapo mezani hadi umekipata: anzia kwenye kitaa, halafu regyuleta, halafu mguu wa chipu ulioachwa ukielea.

Wewe uliyekwisha kununua bodi kumi za ESP32 kwa hela ya ada, usizitupe na usinunie mtu. ESP32 ina Bluetooth ndani yake. Chomeka moja kwenye umeme wa nyumba iliyo jirani na ghala, iache isikilize matangazo ya vihisi vidogo na kuyapeleka kwa Wi-Fi. Ikiwa kwenye umeme wa ukutani, ulafi wake haumuumizi mtu. Hizo nyingine wauzie wenzako wanaotengeneza vitu vya ndani, kwa bei ya haki. Kwa hela utakayopata agiza moduli mbili tu za kulala vizuri, si kumi, uzipime kwa ile kapasita. Kisha niandikie matokeo, na safari hii nitajie luksi za ghalani kwako asubuhi, mchana na jioni kabla hujaniuliza chochote.